Mwigizaji na mbunifu wa jukwaa: wafundishwe pamoja?

Kila mitaala ya sanaa za maonyesho inapopitiwa, hoja ya kupunguza tamthilia za kale huibuka, nayo si hoja ya kupuuza. Wahitimu wengi watakula kwa kazi za kamera. Kipaza sauti hunasa hata mnong'ono, sasa kuna haja gani ya kumzoeza kijana kufikisha sauti safu ya mwisho ya ukumbi kama ule wa Epidaurus, Ugiriki, unaochukua maelfu ya watu?

Kuna pia suala la nani anapata nafasi. Shakespeare aliandika wakati wavulana ndio walioigiza wanawake. Waigizaji wa kike walianza kuonekana katika kumbi za umma za London mwaka 1660, yeye ameshafariki. Ndiyo maana nafasi za kike katika kazi zake ni chache, na darasa lenye wasichana wengi hugombania hizo hizo mpaka mwalimu awape nafasi za wafalme. Uamuzi mzuri, ingawa mara nyingi hufikiwa kwa kukosa njia. Tena kwa miaka mingi vyuo vya Uingereza vilimtaka mwanafunzi aache lafudhi ya kwao ndipo aonekane anafaa kwa tamthilia hizo. Hapo chuo hakikuwa kinafundisha sanaa, kilikuwa kinachuja watu.

Wanaotetea tamthilia za kale nao wana jambo. Mshororo wa kawaida wa Shakespeare una mizani 10, na wazo moja linaweza kupita mishororo mitano au sita kabla ya kufika nukta. Anayevuta pumzi mahali pasipofaa huliua wazo, na hadhira huachwa njiani. Majibizano mafupi ya filamu hayamfichui mtu namna hiyo. Na ukale si mali ya Ulaya peke yake: Zeami, bwana wa Noh, aina ya maonyesho ya kale ya Japani, aliandika miaka 600 hivi iliyopita kwamba mtoto aanze mafunzo akiwa na miaka 7. Hakuwa akifikiria kozi ya mihula miwili.

Ninachoona kinasahaulika na pande zote mbili ni mbunifu, yule anayebuni jukwaa na maleba, yaani mavazi ya kuigizia. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimsifu mtunzi wa tamthilia Sophocles kwa kuleta mwigizaji wa tatu na mandhari ya kuchorwa, ila yeye huyo huyo aliviweka vya kuonwa na macho mwisho katika orodha ya viungo vya tanzia. Vyuo vingi vimefuata orodha hiyo: waigizaji chumba hiki, wabunifu kile, wakutane wiki ya mwisho.

Matokeo yake ni haya. Msichana amefanya mazoezi majuma kadhaa akiwa na suruali ya jinzi. Maleba yanakuja: koseti imebana mbavu, sketi imetanuka kiunoni hadi kiti chenye mikono hakikaliki. Sentensi aliyokuwa akiimaliza kwa pumzi moja sasa inadai mbili, na alipozoea kukaa itabidi asimame. Si kosa lake. Mbunifu naye alijenga jukwaa lake dogo la mfano kwa kipimo cha 1:25, ambapo mtu mzima ana urefu wa sentimita 7 tu. Kwa kipimo hicho kila ngazi ni nzuri. Angevaa gauni lile akaishuka ngazi halisi huku akitamka mishororo sita, angeipunguza mwinuko bila kuambiwa na mtu.

Jacques Lecoq, mwalimu wa uigizaji aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956, alikuja kuanzisha humo idara ya kuchunguza mwili na eneo unamosogea kwa pamoja. Kwa hiyo jambo hili la kuunganisha kazi ya mwigizaji na ya mbunifu limeshajaribiwa.

Wabunifu wenyewe, hata hivyo, wana hofu ya haki. Darasa la pamoja huwageuza haraka kuwa mafundi wa onyesho la wenzao: wanashona, wanabeba, wanapaka rangi, na saa za kujifunza kuchora ramani za jukwaa na kupanga taa zinaliwa. Dawa ni kuwapa alama kwa maamuzi yao, si kwa idadi ya mavazi waliyoshona, na kuwaachia siku zao za studio zisizoguswa.

Maleba ya mazoezi yanataka stoo, mshonaji na fedha, na kozi fupi haina anasa hiyo. Kama ni lazima kukata, mimi ningekata idadi ya tamthilia: moja kwa mwaka, ila koseti na ngazi viwepo tangu juma la kwanza.