Mtaa uliojaa, mji mtupu

Mpiga picha huyu Mjerumani, wazazi walimwita Karl-Heinz Hargesheimer. Yeye akalibana jina lote likawa neno moja, Chargesheimer, na ndilo analojulikana nalo hadi leo. Alizaliwa Köln mwaka 1924. Vita vilipokwisha mji wake ulikuwa kifusi, naye akaanza na kifusi hicho hicho.

Ujerumani Magharibi ilikuwa inajenga mbio mbio, kila mtu anataka kuonekana mpya. Chargesheimer hakuwasaidia. Picha yake ya Kansela Konrad Adenauer, iliyowekwa kwenye jalada la jarida la Der Spiegel, ni uso wa mzee uliokauka kama gome la mti. Mwaka 1958 akatoa kitabu cha bonde la Ruhr, maneno yakiwa ya mwandishi Heinrich Böll: migodi, moshi, masizi. Wakubwa wa huko wakawaka, eti amewaharibia sura. Masizi yao wenyewe, lawama kwa kamera!

Mwaka huo huo alitoa ninachokipenda zaidi, Unter Krahnenbäumen. Ni mtaa mmoja tu wa Köln, wa watu wa kipato cha chini, wamebanana, wanacheka, wanalewa, watoto wametapakaa njiani. Ukifungua kurasa unakaribia kusikia makelele. Baadaye barabara kuu ya magari, Nord-Süd-Fahrt, ikaukata mtaa ule vipande viwili.

Miaka ya 1960 alihangaika zaidi na tamthilia na sanamu zinazozunguka. Kisha 1970 akarudi na kitabu, Köln 5 Uhr 30: saa kumi na moja na nusu alfajiri, hakuna mtu. Lami, mistari ya barabarani, vibao, zege. Wapo wanaokisoma kama kitabu cha majengo. Mimi sikubali. Aliyewapenda watu wa mtaa kiasi kile hawezi kuwasahau kwa bahati mbaya. Kawatoa makusudi, ili tuuone mji kama wataalamu wa mipango miji walivyouchora. Najua, alfajiri hiyo mji wowote umelala. Lakini kuna mahali pamelala, na kuna mahali pa kupita tu.

Alifariki mwishoni mwa 1971, ana miaka 47. Jiji la Köln limeanzisha ruzuku ya wasanii yenye jina lake. Magari ya Nord-Süd-Fahrt bado yanapita.