Mguu wa Darubini Haukuwa Skrepa

Jumanne jioni kijana mmoja wa Mikindani alinipigia hodi akiwa na mfuko wa sandarusi. Ndani yake kulikuwa na darubini ya macho mawili, nzito, ya kampuni ya Barr & Stroud, 7x50 (inakuza mara 7, kioo cha mbele kina upana wa milimita 50), yenye ule mshale mpana, alama ya mali ya jeshi la Uingereza. Babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa baharia na aliinunua Mombasa zamani. Familia inajua mimi hukusanya vitu hivi. Nikauliza stendi iko wapi, maana niliwahi kuiona kibarazani kwao: ya shaba, ina shingo inayozunguka na duara la nyuzi za pembe, 0 hadi 360. Akanijibu kwa uso mkunjufu, kama mtu aliyenipunguzia kazi:

"Ile tumeshaipeleka skrepa, kaka. Ilikuwa nzito. Si chenyewe ni hiki hapa?"

Hapana, mdogo wangu. Chenyewe kilikuwa vyote viwili.

Nimekasirika siku nne sasa, na leo nayasema. Watu wanadhani darubini ya vita ni vioo. Vioo vinaona, kweli, lakini kinachosema ni mguu, yaani stendi. Chukueni mfano wa ile ninayoitamani kuliko zote, UZO ya nyambizi za Wajerumani katika Vita vya Pili. Nyambizi zile ziliwinda sana usiku, zikiwa juu ya maji. Darubini yenyewe ilikuwa ikipandishwa kutoka chini na kupachikwa kwenye stendi iliyofungwa juu ya mnara wa nyambizi. Ofisa wa kwanza wa zamu anaegemeza macho, anaizungusha taratibu mpaka meli ikae katikati ya alama. Kule kuzunguka tu, stendi inapeleka idadi ya nyuzi chini, kwenye mashine ya kukokotoa. Mashine inajumlisha mwendo wa meli, umbali na uelekeo wake, halafu topido inapewa njia. Mtu hakuhitaji kupiga kelele kutaja namba. Shingo yake ndiyo iliyokuwa ikitaja.

Ondoeni mguu huo, mnabaki na nini? Chombo cha kutazamia ndege wa porini. Kizuri, kina thamani, lakini hakiwezi tena kumwambia mtoto wa shule kilifanya kazi gani duniani.

Namba 7x50 nayo haikuwekwa kwa bahati. Gawanyeni 50 kwa 7, mtapata milimita 7 na kidogo, karibu sawasawa na mboni ya jicho la kijana inavyofunguka gizani. Mwanga wote unaotoka kwenye kioo unaingia machoni, haupotei. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss akagundua namna ya kupaka kioo utando mwembamba ili kisirudishe mwanga nyuma, na usiku ukapungua giza kwa wenye vioo hivyo.

Hapo ndipo namkumbuka babu yangu. Alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akavuka kutoka Kilindini, bandari ya Mombasa, mwaka 1943 kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo), halafu Burma (Myanmar). Hakupenda kusimulia mapigano. Alichosimulia, tena mara nyingi, ni meli. Jua likishazama, marufuku kiberiti. Marufuku sigara sitahani, hata ukiifunika kwa kiganja. Alisema kuna askari mwenzao alichapwa kwa ajili ya sigara moja, na wao walimwona sajini mkatili. Mimi nilikuja kumwelewa yule sajini nikiwa mtu mzima, usiku, nimesimama Shangani, hapa Mtwara, na darubini yangu ya kwanza. Ngalawa zilikuwa mbali, kwa macho matupu sioni kitu. Nikainua 7x50, nikaona moto wa sigara ya mvuvi. Nikamwona anavuta. Nikaishusha, mikono imelegea.

Februari 12, 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga meli Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Kilindini kwenda Colombo. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Siku ile ilikuwa mchana na ilitumika periskopu, ile darubini ya bomba ya kuchungulia kutoka chini ya maji, sitaki kupotosha. Lakini ni bahari ile ile aliyopita babu yangu, na vyombo vile vyote, cha mnarani na cha chini ya maji, vilitengenezwa kumtafuta mtu kama yeye. Kwa hiyo msiniambie huu ni ushamba wa Wazungu wanaopenda vyuma vya zamani. Sisi ndio tuliokuwa upande wa pili wa kioo.

Na hapa Kusini vita havikupita mbali. Katika Vita vya Kwanza, Machi 1916, meli ya Wajerumani, Marie, iliingia Sudi na mizinga na risasi tumboni. Shehena ile ilibebwa bara kwa vichwa na mabega ya wapagazi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba stendi nyingi za UZO zimepotea bila mtu wa kulaumiwa. Zilifungwa kwenye mnara, zikazama na nyambizi. Baada ya vita Waingereza walizamisha nyambizi 116 katika Operesheni Deadlight. Nakubali pia kwamba ada ya shule haingoji, na shaba ina bei. Lakini wale wafanyabiashara wa ng'ambo wanaopata seti kamili, kisha wanauza vioo kwa huyu na stendi kwa yule kwa sababu bei mbili zinazidi moja, hao sina neno la kuwatetea. Hawana njaa. Wanajua wanachokitenganisha.

Mengine kwa ufupi. Msisugue rangi ya zamani ili shaba ing'ae. Msifungie darubini ndani ya sanduku, unyevu wa Mtwara utaleta kuvu na kuvu hula kioo. Wekeni pakavu, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Baadhi ya vyombo vya enzi hizo vina rangi ya radiamu, yenye mionzi ya hatari, msiikwangue.

Jana nilikwenda yadi. Mwenye yadi alinipokea vizuri, hana kosa, aliletewa mzigo akaupima. Shingo ilishaondoka na lori. Duara lilikuwa limekatwa kwa tindo, na tulichimbua rundo mpaka adhuhuri tukapata kipande kimoja, kuanzia 40 hadi 110. Namba bado zinasomeka. Akakiweka kwenye mizani, akanitajia bei ya kilo kama mteja mwingine yeyote, nikalipa. Vipande vilivyobaki, kuanzia 110 kuzunguka mpaka kurudi 40, huenda viko kwenye mafungu ya skrepa ya Magomeni au Chikongola, hapa hapa Mtwara. Ni shaba nene, upande mmoja una mikwaruzo midogo sawasawa kama meno ya kitana. Ukikiona, usikiyeyushe. Niletee, nitakulipa mara tatu ya mizani.