Simu Haimtoshi Asiyeweza Kuishika

Ipo hoja inayozidi kupata wafuasi: vifaa saidizi maalumu vya kielektroniki vimepitwa na wakati. Ya nini kumnunulia mtu mwenye ulemavu wa viungo mtambo wa fedha nyingi, ilhali simu ya kawaida inafanya kazi ileile?

Hoja hii si ya kupuuza. Tangu 2013 iPhone inaweza kuendeshwa kwa swichi ya nje, yaani kitufe kinachounganishwa na simu, bila kugusa kioo, na Android nayo ina huduma ya namna hiyo. Mwaka 2024 Apple iliongeza uwezo wa kuongoza skrini kwa macho kupitia kamera ya mbele ya simu yenyewe, kazi ambayo awali ilihitaji kifaa cha pekee. Tena simu haimtengi mtu. Wengi wanayo, na ikiharibika mafundi ni wengi.

Vifaa maalumu, kwa upande wao, vina dhambi zao. Soko lake ni dogo, kwa hiyo bei iko juu, na mara nyingi mtengenezaji hukumbatia vipuri na maelekezo ya ukarabati. Mwaka 2022 jimbo la Colorado, Marekani, lilitunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa viti mwendo vya umeme kuwapa wateja na mafundi huru vipuri, zana na maelekezo hayo. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Watumiaji walikuwa wamechoka kusubiri matengenezo kwa wiki, hata miezi. Kiti kikifa, mwenyewe anabaki kitandani.

Hata hivyo, wanaoisifu simu wanaruka jambo moja, nalo ndilo linaloniuma. Mtazame mtu anayeandika kwa swichi. Mwanga unapita juu ya safu za herufi, moja baada ya nyingine. Ukifika kwenye safu anayoitaka, anageuza kichwa kidogo na kugusa kitufe kilichofungwa kando ya mto. Mwanga unaanza tena, sasa herufi kwa herufi, naye anagusa mara ya pili. Neno "maji" peke yake ni miguso minane, na akichelewa kidogo tu anasubiri mzunguko mwingine. Sasa kitufe hicho kisogee vidole viwili usiku. Simu ni nzima, programu ni nzima, lakini mtu huyo hana tena sauti, wala hana njia ya kumwambia yeyote kwamba kitufe kimesogea.

Stephen Hawking, mwanafizikia Mwingereza aliyekuwa amepooza, aliandika kwa msuli wa shavu, uliosomwa na kihisio kilichobandikwa kwenye miwani yake. Programu aliyotengenezewa na kampuni ya Intel ilitolewa bure kwa umma mwaka 2015, na hilo ni jema kubwa. Ila wahandisi waliokaa naye, wakijaribu na kurekebisha hadi mfumo ukamkubali, hawapakuliwi mtandaoni.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya 2022 ilisema zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, miwani ikiwemo. Katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Katika nchi tajiri wanafika asilimia 90. Kwa pengo hilo, naungana na wanaotaka simu iwe msingi, kwa kuwa hakuna mtambo maalumu utakaowafikia watu wengi hivyo. Nisichokubali ni bajeti kuishia dukani, simu zikagawiwa, picha zikapigwa na kazi ikahesabiwa imekwisha. Kama fungu ni dogo, ni afadhali zinunuliwe simu pungufu, kisha kinachobaki kinunue swichi, mkono wa kushikilia simu kwenye kiti, na kilipe mshahara wa mtu atakayerudi kila mwezi kukaza skrubu zake.