Sheria ya kutembelea wazazi China, tunaicheka bure

Kila ikitajwa ile sheria ya China ya watoto kutembelea wazazi watu wanacheka, eti serikali imekosa kazi mpaka inampangia mtu lini akamsalimie mama yake. Ilianza kutumika Julai 2013, na siku hiyohiyo mahakama ya mji wa Wuxi ikamwamuru binti mmoja aende kumuona mama yake wa miaka 77 angalau kila miezi miwili. Haya, inachekesha kidogo.

Ila wazo lenyewe sio la jana. Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China, alishasema kumlisha mzazi tu hakutoshi, mbona hata mbwa na farasi tunawalisha, bila heshima tofauti iko wapi? Sheria imegusa hapohapo, haiishii kwenye tuma hela, inataka mtoto aliye mbali aende au amjulie hali mzee mara kwa mara.

Na hao wazee ni wengi jamani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 264 wa miaka 60 kwenda juu, sasa weka na ile sera ya mtoto mmoja iliyoanza 1980 ikaja kuachwa 2015, unapata mume na mke wote hawana kaka wala dada, wazazi wanne juu yao na mtoto wao chini. Mmoja wao kibarua chake kiko kiwandani mji wa Shenzhen, wazazi wake wako kijijini mkoa wa Sichuan, mbali kabisa. Zamani ndugu walipokezana zamu, huyu anapokezana na nani?

Wanaopinga wana hoja. Chama kilekile cha Kikomunisti ambacho 1966 vijana wake walioitwa Walinzi Wekundu walivunja makaburi ya ukoo wa Confucius kule kwao Qufu leo kinamsifia, na kuhubiri heshima ni bei rahisi kuliko kupandisha pensheni ya mkulima. Halafu hiyo heshima ya zamani aliyekuwa anaipika na kuifua ni mkaza mwana, sio mwana.

Kweli, lakini pensheni haikai na mzee ikapiga naye stori. Na watu wenyewe wana kiu na hiyo heshima, Qingming, siku ya kukumbuka marehemu, ilipofanywa sikukuu ya taifa 2008 hakuna askari aliyewasukuma kwenda kufagia makaburi ya wazee wao. Kinachonikera mimi ni kwamba sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri atoe likizo ya kwenda kuona wazazi na hicho kipengele hakuna anayekipigia kelele. Ningeanza na bosi anayebania likizo, yule binti wa Wuxi baadaye.