Walter Brennan na kura za ekstra

Walter Brennan, mwigizaji wa filamu wa Marekani, ndiye mtu wa kwanza kushinda tuzo 3 za Oscar kwa uigizaji, lakini heshima hiyo imekuwa ikitajwa kwa minong'ono. Ya kwanza aliipata kwa filamu ya 1936, mwaka ambao tuzo ya mwigizaji msaidizi ilianzishwa. Ya pili kwa filamu ya 1938, na ya tatu kwa ya 1940. Wanaomshuku hutoa maelezo mepesi: enzi hizo ekstra, wale wanaolipwa kwa siku ili wajaze umati nyuma ya steringi, waliruhusiwa kupiga kura, nao walikuwa wengi kuliko wapiga kura wengine. Brennan alianza kazi miongoni mwao katika miaka ya 1920. Kwa maoni yao, basi, walimchagua kwa sababu ni mwenzao, ufundi ukaja baadaye.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Alipoteuliwa mara ya nne, kwa Sergeant York ya 1941, Donald Crisp alimshinda, na wapo wanaosimulia kwamba ushindi wa tatu wa Brennan ndio uliowafanya wakubwa wa Hollywood wawanyime ekstra kura. Tena tuzo yenyewe haikuwa na hadhi iliyo nayo leo, maana waigizaji wasaidizi wa miaka hiyo walipewa kibao cha ukumbusho, si ile sanamu ya dhahabu.

Hata hivyo, sielewi kwa nini kura ya ekstra ihesabiwe kuwa ndiyo kura chafu. Studio kubwa nazo zilijulikana kwa kuwahimiza wafanyakazi wao wapigie kura filamu za studio yao wenyewe, na sisikii mtu akiwafutia mastaa ushindi wao kwa sababu hiyo. Ekstra alisimama hatua chache nyuma ya mwigizaji siku nzima, akaona tukio lile lile likirudiwa mara ya tatu na ya saba, akajua ni nani aliyebahatisha na ni nani aliyeijua kazi. Seremala akisifiwa na maseremala wenzake hatusemi wamempendelea.

Kuna pia ushahidi usiohusiana na kura hata kidogo. Howard Hawks, mwongozaji asiyekuwa na subira na watu wasioweza kazi, alimpa Brennan nafasi katika filamu 6, kuanzia Barbary Coast ya 1935 hadi Rio Bravo ya 1959. Hiyo ni miaka 24, na tuzo ya mwisho ya Brennan iko karibu na mwanzo wa kipindi hicho. Hakuna ekstra aliyemlazimisha Hawks. Katika To Have and Have Not ya 1944 Brennan ni Eddie, mlevi anayewauliza wageni kama wamewahi kuumwa na nyuki mfu. Swali ni la kipuuzi, lakini namna mtu anavyolijibu ndiyo inayotuonyesha utu wake, kwa hiyo mlevi huyo anageuka kuwa mizani ya filamu nzima. Katika Red River ya 1948 anacheza mpishi wa msafara wa ng'ombe ambaye amepoteza meno yake ya bandia kwenye kamari, na aliyeyashinda humrudishia wakati wa chakula tu. Mzaha huo ulihitaji mtu ambaye kweli hakuwa na meno. Brennan aliyapoteza yake akiwa kazini, katika tukio la kupigana, na husimuliwa kwamba baadaye alikuwa akiwauliza waongozaji kama wanamtaka na meno au bila meno. Ajali hiyo ilimpa sura ya mzee akiwa bado hajafika miaka 45.

Wengine watasema huo ndio udhaifu wake, kwamba alikuwa mzee yule yule mnung'unikaji kila mara. Mwenye shaka hiyo atazame My Darling Clementine ya mwongozaji John Ford, ya 1946. Humo Brennan ni baba wa genge la wauaji, anawachapa kwa mjeledi wanawe waliokwisha kuwa watu wazima, na hakuna hata chembe ya uchekeshaji usoni mwake. Jaji anayemcheza katika The Westerner, filamu iliyompa tuzo ya tatu, ananyonga watu kwa urahisi huku akimlilia mwigizaji wa kike ambaye hajawahi kukutana naye. Hao si mzee mmoja.

Televisheni, kwa kweli, ilimrudisha kwenye unung'unikaji. The Real McCoys, iliyorushwa kuanzia 1957 hadi 1963, ilimpa umaarufu wa sebuleni kama babu anayechechemea, na wengi wanaomhukumu wanamkumbuka kwa hiyo tu. Siasa zake za mrengo mkali wa kulia nazo zilimpunguzia marafiki, ingawa hazina uhusiano na kura za miaka ya 1930.

Mahali ninapokubaliana na wanaomshuku ni kwenye tuzo ya 1938. Kazi yake katika Kentucky ni nzuri bila kuwa ya ajabu, na miongoni mwa walioshindwa mwaka huo alikuwamo John Garfield, kijana aliyeingia katika Four Daughters na kuifanya filamu nzima izungumze lugha nyingine. Garfield alifariki 1952 akiwa na miaka 39, hana Oscar hata moja. Hiyo ya Kentucky ningempa yeye. Ya The Westerner ningeiacha ilipo.