Namba ya Mkojo Isiwe Rungu

Kama kuna kitu kinachonichefua kwenye timu kubwa siku hizi, ni ile orodha inayobandikwa mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo: jina, namba ya mkojo (uzito wake ukilinganishwa na maji safi, ambayo ni 1.000), na wino mwekundu kwa kila aliyevuka 1.020, eti amekaukiwa maji mwilini. Mwenye wekundu hagusi mpira mpaka amalize lita nzima ya maji. Eti sayansi.

Sayansi gani? Mkojo unaeleza figo zilikuwa zikifanya nini saa chache zilizopita, basi. Mtu aliyekaukiwa kweli akigugumia lita moja kwa mkupuo, figo huanza kuyamwaga kabla mwili haujarudisha ulichopoteza. Baada ya saa moja hivi kikombe kinasoma 1.004, daktari anatabasamu, na mchezaji anaingia uwanjani bado ana upungufu. Wachezaji wameshaujua mchezo huo zamani. Upande wa pili yuko mcheza raga wa kilo 118, misuli tele, protini kila mlo: mkojo wake ni mzito hata akiwa amekunywa vizuri, na yeye ndiye anayekaripiwa. Ile chati ya rangi iliyo ukutani chooni ndiyo usiseme. Kidonge cha vitamini B kinatosha kuivuruga.

Kama ni lazima mpime mkojo, chukueni wa kwanza wa asubuhi, ule unaotoka katikati ya kukojoa, kabla mtu hajanywa kitu. Rifraktomita, kile kifaa cha kusomea namba hiyo, isome 1.000 kwa maji yaliyokenekwa kabla ya kuanza, na kioo chake kifutwe kila sampuli. Kisha mlinganishe na namba zake mwenyewe za siku zilizotangulia, si za jirani yake.

Kifaa ninachokitetea mimi ni mizani, ambayo hakuna anayeipiga picha kwa sababu haina mbwembwe. Mchezaji apime akiwa mtupu au na chupi kavu, ameshakojoa, kabla na baada ya mazoezi, jasho limefutwa. Tuseme kaanza na kilo 72.4, kamaliza na 70.6 baada ya dakika 90, kanywa lita 0.8 na katikati kakojoa lita 0.2. Kilo 1.8, jumlisha 0.8, toa 0.2: jasho lita 2.4, yaani 1.6 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kumpangia kinywaji. Inaharibikia wapi? Jezi iliyoloa inaficha nusu kilo. Mizani imewekwa juu ya zulia. Chupa hazina majina, kwa hiyo hakuna ajuaye nani kanywa nini, na nusu ya maji yamemwagwa kichwani. Haya, nakubali: kwenye marathoni si kila gramu iliyopotea ni maji, kwa kuwa mafuta na wanga navyo vinaungua. Kwa mazoezi ya saa moja na nusu kosa hilo ni dogo.

Mizani hiyohiyo ndiyo inayomkamata aliyekunywa kupita kiasi. Boston Marathon ya 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni, asilimia 13 walikuwa na sodiamu, yaani chumvi ya damu, ya milimoli 135 kwa lita au chini ya hapo, kiwango kilicho pungufu, na kuongezeka uzito njiani kulikuwa dalili kubwa. Wengi hawakuwa wa kulipwa, sawa. Lakini anayemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza hapewi maji, awe nani.

Na ule mstari wa asilimia 2, kwamba mchezaji asipoteze zaidi ya hapo ya uzito wake, unaotajwa kama amri ya mbinguni? Mkimbiaji wa Ethiopia Haile Gebrselassie alishinda marathoni ya Dubai 2009 akiwa amepoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake. Sisemi aigwe. Nasema kocha asimtoe mtu uwanjani kwa sababu ya 2.1.

Kibandiko cha jasho mkononi kinapima jasho la mkono, si la mwili mzima. Saa inayotangaza kiwango cha maji mwilini kupitia ngozi, muulizeni muuzaji ameilinganisha na nini.