Matobo ya Kanzidata Asisingiziwe Mwandishi

Maktaba inayolipia kanzidata ya magazeti hainunui magazeti. Inanunua ruhusa ya kuyasoma, na ruhusa hiyo haizidi haki aliyokuwa nayo mchapishaji. Wengi walilitambua hilo Juni 25, 2001, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya New York Times dhidi ya Tasini kwa kura 7 kwa 2.

Jonathan Tasini na wenzake watano walikuwa waandishi wa kujitegemea. Makala zao 21, zilizochapishwa kati ya 1990 na 1993 katika New York Times, Newsday na Sports Illustrated, ziliingizwa NEXIS, kanzidata ya kompyuta ya habari, na kwenye CD-ROM bila ridhaa yao. Wachapishaji walijikinga na kifungu cha 201(c) cha sheria ya hakimiliki ya 1976, kinachowaruhusu kutoa tena mchango wa mwandishi katika toleo lilelile au marekebisho yake. Jaji Ginsburg, aliyeandika uamuzi, alianzia kwa msomaji: anaona nini? Kwenye mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo za kurasa za gazeti, anaona ukurasa mzima, makala ikiwa na majirani zake. NEXIS humpa makala pekee, imechomolewa gazetini. Marekebisho ya toleo hayafanani na hivyo. Waandishi wakashinda.

Wachapishaji walilalamika kwamba uamuzi huo ungetoboa historia. Mahakama ikajibu kuwa hailazimu kufuta. Pande mbili zinaweza kukubaliana leseni na malipo. Hata hivyo New York Times ilichagua kuondoa makala zipatazo 115,000 za waandishi wapatao 27,000, za 1980 hadi 1995. Tobo lililotobolewa na mchapishaji akabebeshwa mwandishi! Na vyama vya maktaba vya Marekani, ALA na ARL, vilisimama upande wa waandishi mahakamani, ingawa wateja wa kanzidata hizo ni wao.

Kwa nini miaka hiyo? Mikataba ya zamani, mingine ya mdomo tu, haikugusa haki za kielektroniki. Baadaye wachapishaji walianza kudai haki zote kwa maandishi, matobo yakapungua na mwandishi akabaki na kidogo. Fidia nayo ilikwenda kwa mwendo wa kobe: mapatano ya 2005, yenye kikomo cha dola milioni 18, yalipata idhini ya mwisho 2014 yakiwa yamerekebishwa, baada ya kupandishwa hadi Mahakama ya Juu, hasa kwa sababu kazi nyingi hazikuwa zimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki.

Kwa mkutubi, hatari iko kwenye maneno “makala kamili tangu 1980”. Maneno hayo hayaahidi kila makala ya kila toleo. Rekodi ikibaki na kichwa, tarehe na ukurasa, msomaji anajua aagize nakala kwingine. Rekodi nzima ikifutwa, utafutaji unaleta sifuri, na mwanafunzi anaandika kwamba jambo hilo halikuandikwa kamwe. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa halionekani.

Kabla ya kuhuisha usajili, chukua mikrofilamu ya miezi tofauti, chagua makala 20 za watu wasio waajiriwa wa gazeti: mapitio ya vitabu, safari, maoni. Zitafute moja moja kwa kichwa, kisha kwa jina la mwandishi. Zikikosekana nne, umepata hoja ya bei. Dai mkataba useme kwamba muuzaji atatoa taarifa ya maandishi kila anapoondoa maudhui, ataacha rekodi ya faharasa, na atapunguza ada kilichoondolewa kikiwa kikubwa. Vyuo vinavyonunua kwa pamoja kupitia miungano ya maktaba, KLISC Kenya au COTUL Tanzania, vina nguvu ya kudai hayo kuliko maktaba moja ikienda peke yake.

Mikrofilamu za 1980 hadi 1995 zisitolewe rafuni kwa kisingizio cha nafasi mpaka hesabu hiyo ya makala 20 ifanyike.